Bega la Bwana Mimi

"Simamisha hapo hapo!"

Mjukuu wangu aligusa simu, picha ikaganda. Niliona bega la Bwana Mimi, na nyuma yake mkono wa marehemu mume wangu umeshika sinia. Uso haukuonekana.

Kichekesho kile cha televisheni kilifutwa kabla watu hawajakizoea. Bwana Mimi alikuwa tajiri wa kujisifu mpaka mbele ya kioo, na mume wangu aliigiza mtumishi wake. Hadi leo kinanichekesha. Ila hatuna picha nyingine ya mume wangu akitembea na kusema.

"Bibi, mbona huyu mtu anamziba Babu kila mara?"

"Ndivyo alivyokuwa mwigizaji huyo, hata nyumbani kwake. Kamera ikigeuka, naye anageuka."

Aliirudisha tena bila kuguna, mtoto wa watu. Safari hii nilikiona kidole gumba cha mume wangu kikizuia kikombe kisimmwagikie bwana yule.

"Chai, bwana," sauti yake ikasema. Kisha bega likaja.

"Ndiyo sehemu ya mwisho aliyotokea, Bibi. Nimetafuta kote."

"Rudisha," nikamwambia. "Labda sasa atasogea."