Sauti Iliyokorogwa

Loth, mlinzi wa ghala, alimpiga Teodori, mwandishi wa redio, ngumi ya pua kabla hata hajaulizwa swali. Damu ilirukia magunia ya mahindi, na Obedi, mwenye ghala, akasikitika. Aliyasikitikia magunia.

"Taratibu, Loth. Tumuulize kwanza."

Walikuwa wamemkamata asubuhi kweupe, pale stendi ya Laela, watu wakigeuza nyuso kana kwamba hawaoni. Sasa alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya katani, mikono nyuma, jicho moja limekwisha kuziba.

Obedi alibonyeza simu yake. Ikatoka ile habari iliyomchafulia jina Ufipa nzima. Sauti ilikuwa nzito. Fundi mitambo wa redio aliikoroga makusudi hadi ikawa kama ya chura aliyetumbukia mtungini, asijulikane mwenyewe ni nani. Ilieleza namna mbolea ya wakulima inavyochanganywa na mchanga ndani ya ghala hili hili.

"Hata mama yangu mzazi ameuziwa," ilisema. "Mahindi yametoka ya manjano, hayakubeba. Mwaka huu tutakula nini?"

Obedi akaizima.

"Huyu anayesema ni mtu wangu wa ndani, na mama yake ni mkulima. Sasa huku kwenu nani mama yake si mkulima? Nitajie jina uende zako. Yeye ndiye atakayebaki kwenye hicho kiti, na hatainuka."

"Simjui, mzee."

Haya. Mwandishi gani angejibu vingine? Ukimtaja leo aliyekuamini, kesho nani atakufungulia mdomo? Obedi aliyajua hayo, ndiyo maana hakukasirika. Alimwashiria tu Loth, na Loth akashusha rungu kwenye goti. Goti lililia kama kuni kavu.

Redio yenyewe ilikuwa imekwisha kufungiwa. Mjini Sumbawanga walibishana mpaka kwenye vibanda vya chipsi: huyu anasema watangazaji wamezidi, wanachafua watu, yule anasema ukifunga redio umemfunga mkulima mdomo.

"Mimi sibishani," Obedi alisema. "Kila siku mnaimba uhuru wa habari, uhuru wa habari. Leo nimekupa uhuru wote. Sema!"

"Simjui."

Obedi alikwenda ukutani akatungua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho wanunuzi huchoma nacho gunia kuchungulia nafaka. Akampa Loth.

"Gunia likichomwa hutoa kilichomo. Tujaribu na mtu."

Loth alilipokea bila neno. Hilo nalo lilimshangaza Obedi, maana mlinzi huyu siku zote huongea kama chiriku, lakini tangu Teodori aingizwe ghalani hakuwa ametoa hata tusi.

"Vipi wewe, umemeza ulimi?"

Loth akatikisa kichwa, akajifuta jasho, akachoma. Chuma kilizama pajani mpaka kikagusa mfupa. Teodori alipiga ukelele uliowarusha njiwa kwenye kenchi za paa. Damu ilifuata mfereji wa bambo, ikachuruzika sakafuni bila haraka, kama mahindi yafanyavyo.

Simu ya Teodori ikatetema juu ya gunia walikoiweka. Alikuwa Fransiska, mkewe, huko nyumbani Katandala. Ikatetema, ikanyamaza, ikaanza tena, na moyo ulimuuma Teodori kuliko paja.

"Simjui!" alilia. "Haki ya Mungu, baba, simjui!"

"Una roho ngumu," Obedi alisema, na kwa kweli alikuwa akimsifu. "Ningekuwa na vibarua kama wewe, siri zangu zisingetoka. Loth! Paja halina maneno. Mwekee shingoni."

Ncha ikatua chini ya taya. Ilikuwa bado na vuguvugu la damu yake mwenyewe. Hapo Teodori akajua kwamba anakufa, akaogopa waziwazi, hata suruali ikalowa. Akafumba macho, akaanza ile sala aliyofundishwa na mama yake kabla hajaijua a-e-i-o-u.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Obedi, mtu wa Mbeya na wa dhehebu jingine, alimwacha amalize, hakuona ubaya. Lakini Ufipa sala hiyo haisaliwi na mmoja. Mmoja huanzisha, wengine huipokea, iwe jumuiyani, msibani au shambani, na anayeipokea hangoji kufikiri.

"...na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa."

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," Loth akapokea, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

"Kumbe ulimi unao!" Obedi akacheka.

Teodori akafumbua jicho lake moja. Ilikuwa sauti nyembamba, isiyolingana na kifua kile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. Aliwahi kuisikia mara moja tu, kabla fundi hajaikoroga. Ilimweleza habari ya mbolea kupitia ukuta wa mabati wa choo cha stendi, ikamwapisha asizunguke kumwangalia msemaji, naye hakuzunguka.

Alimtazama Loth. Bambo likaanza kutetemeka shingoni mwake.

"Mara ya mwisho," Obedi alisema. "Ni nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Teodori alikuwa na jina la kutaja.