Ukuta wa Sebuleni

Tangu Ligaya ahamie kwa mwanawe, weupe wa kuta ulimnyima raha. Alikokulia, hata mkokoteni wa muuza samaki ulijaa maua, vioo na riboni. Hapa alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwanawe Crispin alikwisha kumwonya: “Mama, ukichorachora tena ukutani, nakurudisha kwa mama mdogo.”

Siku hiyo mkono ulimshinda. Alitoa brashi na rangi zake, akachora ukutani mti wenye majani juu ya majani na ndege juu ya ndege, mpaka mkwewe Perla aliporudi kutoka kazini akamkuta amesimama juu ya kiti.

“Mama! Crispin akiona itakuwaje?”

“Nilijizuia, mwanangu. Nimeshindwa.”

Perla aliusogelea ukuta, akatazama kwa muda mrefu.

“Bibi yangu alichora hata vifuniko vya sufuria,” alisema polepole. “Nami nilimwonea haya.”

Geti likalia. Ligaya akanyakua kitambaa afute, lakini Perla alimpokonya, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Crispin alipofika barazani, mkewe alikuwa akichora mkia wa tausi, viatu vya kazini bado miguuni, rangi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.