Wekundu Wamevua

Msanifu alihesabu ndege wekundu mara tatu, kidole hewani, na mara zote tatu hakupata hata mmoja. Mwezi uliopita walikuwa kumi na wawili.

Akaipiga teke ndoo ya maji. Kanga wakatawanyika njiani wakipiga kelele.

Banda lile la bustani ya wanyama alilichora yeye. Wavu ulisimamishwa kwa nguzo kama hema, urefu wa ghorofa tatu, ili watu wapite humo humo ndani, katikati ya ndege. Kila aina aliipa mahali pake: kanga chini, kwarara bwawani, njiwa juu matawini. Na kwenye matete, mbele kabisa ya macho ya mgeni anayeingia, aliweka kweche. Wadogo tu, lakini wekundu kama pilipili iliyoiva. Aliwachagua kwenye kitabu cha picha, madume matupu, maana majike hayakuwa na rangi ya kumsimamisha mtu.

Pa kuingilia alipanga milango miwili yenye chumba kidogo katikati. Wa kwanza usipofungwa, wa pili haufunguki. Hata inzi hatoki bila ruhusa. Basi kama ndege hawakutoka, wametolewa. Na mwenye funguo alikuwa mmoja: mlishaji, mjane wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Mtama.

Alimkuta stoo anapeta, midomo ikicheza kwa sala. Daftari lake la kazi lilikuwa juu ya gunia. Msanifu akalinyakua. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa kubonyeza kalamu:

*Tarehe 3. Wekundu wamevua wanne.*
*Tarehe 11. Wamevua watano.*
*Tarehe 20. Wamevua wote.*

Akatazama ukutani. Wavu wa mpini mrefu, ule wa kukamatia ndege wagonjwa, ulining'inia pale. Unyoya mwekundu ulikuwa umenasa ndani yake.

"Kumbe unaandika kabisa!" alisema. "Nani anavua ndege wangu?"

"Wanavua wenyewe, baba."

"Wenyewe kina nani?"

"Si hao hao." Mama Mtama akaweka ungo chini. "Wote wamo. Mungu ananiona."

"Wamo wapi? Mimi kipofu?"

Mama Mtama akanyoosha kidole upande wa matete. Hilo likampandisha msanifu hasira zaidi.

"Na hao shomoro je? Umewaacha waingie, sasa matete yamejaa wao! Rangi ya vumbi, wanashiba mtama wa bure. Nafungua banda mvua zikianza. Wageni waje kutazama shomoro? Wakamate wote, uwatoe leo hii."

"Shomoro gani, baba? Hao ndio..."

"Nimesema wote!"

Mama Mtama akajifuta mikono kwa upande wa kanga yake, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Miaka kumi na tisa niko na ndege," alisema. "Sijatoka getini hata na punje isiyo yangu. Hao nimewalisha kwa mkono huu. Siwatoi."

"Basi toka wewe."

Getini msanifu aliagiza mkoba upekuliwe, mbele ya wakata tiketi na watu waliopanga foleni.

"Nisamehe, mama," mlinzi alinong'ona. "Nimetumwa."

"Fanya kazi yako, mwanangu."

Mkobani mlikuwa na miwani, leso na kifuko cha mtama alichotoka nacho nyumbani.

"Mwizi!" msanifu alisema, kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote.

Mama Mtama akageuka. "Neno hilo utakuja kulimeza."

"Lini?"

"Mvua zikianza."

Msanifu akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Mama Mtama akakichukua kifuko, akakitia mkononi mwa mlinzi na kumfumba vidole. "Ndege hao wakitolewa hawatafika mbali. Uwape kidogo kidogo." Akajitanda kanga yake, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Mchana ule mlinzi ndiye aliyepewa kazi ya kusafisha matete. Alimaliza upesi kuliko alivyotegemewa.

"Shomoro wapole hawa, bosi. Wavu sikuugusa. Nimeshika mtama tu, wamekuja wenyewe mkononi."

"Wamezoea vya dezo. Tupa nje."

Mvua zilianza mapema mwaka ule, zikayasimamisha matete mabichi. Siku ya ufunguzi palikuwa na mkurugenzi wa bustani, mkewe na wageni wenye miavuli. Msanifu akawapitisha milango miwili, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza mambo ya kanga na kwarara. Mbele ya matete akasimama.

"Hapa palikuwa na fahari ya banda zima," alisema. "Kweche kumi na wawili, wekundu. Mlishaji wetu aliwaiba wote, mmoja mmoja. Mwanamke wa sala, mtu usiyemdhania. Nilimfukuza kwa mikono yangu mwenyewe."

Wageni wakatikisa vichwa. Mke wa mkurugenzi peke yake alikuwa akitazama kwingine, kupitia matundu ya wavu, upande wa getini.

"Na wale?" aliuliza.

Nje, kando ya kibanda chake, mlinzi alikuwa amenyoosha kiganja chenye mtama. Kutoka juu ya uzio walishuka mmoja mmoja wale wa rangi ya vumbi, sasa wamevaa tena, wekundu kama pilipili iliyoiva, hadi wakatimia kumi na wawili mkononi mwake.