Kurasa Zilizoshikana

Mchungaji Whitcomb alisimama karibu na jiko la kuotea moto maktabani, ameshika kitabu chake mwenyewe cha mahubiri, kilichorudishwa asubuhi ile. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana ukingoni kama zilivyotoka kiwandani. Msomaji wa kwanza ndiye huzikata kwa kisu, na hapana aliyezikata.

Lakini majira yote ya baridi kitabu hicho kiliazimwa na mjane wa fundi viatu! Wazee wa kanisa walipomtania kwamba ameandikia panya, mjane huyo ndiye aliyekuwa jibu lake.

Mlango ukafunguliwa. Mjane akaingia akikung'uta theluji kwenye shali.

"Usikirudishe rafuni, Mchungaji. Nimekifuata tena."

"Hujakichoka tu, mama?"

"Nikichoke? Jana nimelia nacho mpaka chai ikapoa."

Mchungaji akachukua kisu cha kukatia karatasi mezani. "Ulilia ulipofika wapi?"

"Pale unaposema mtoto hakupotea, ametangulia tu kutuwashia moto."

Maneno hayo yalikuwamo, katikati kabisa, ndani ya kurasa zilizofungika. Lakini mara ya kwanza aliyasema makaburini, walipomzika binti wa mjane huyu.

Akalitazama jalada. Pembe zake zilikuwa zimelika, na rangi imetoka kwa kushikwashikwa.

"Hebu nisomee kidogo," mjane akasema, akivuta kiti. "Leo macho yangu mabaya."

Mchungaji akakitia kisu kwenye droo. Akaketi, akakifungua kitabu pale kilipokubali kufunguka, akaanza.