Vidole vya Mama

Sheria ilikuwa wazi: mwanafunzi wa sekondari aliyesoma kozi ya chuo kikuu alihamishiwa maarifa ya somo hilo kutoka kichwani mwa mzazi wake. Mwanaidi, wa kidato cha tatu, alishafaulu hesabu za chuo kikuu, na tangu siku hiyo mama yake, mhandisi, hakuweza hata kujumlisha.

Leo mama alimletea fomu ya kuhamisha fizikia, akiwa ameshatia sahihi.

"Tia na yako, mwanangu. Mimi nimeridhika."

"Mimi sijaridhika, mama."

Mwanaidi aliichana fomu ile, akachukua chaki na kuandika kwenye ukuta wa jikoni: saba na nane.

"Sheria inakataza kurudisha maarifa," mama alinong'ona, akichungulia dirishani.

"Acha ikataze. Ni ngapi?"

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Mwanaidi akampa vyake.