Risasi ya Ubeti wa Tisa

Ko-ko-ko-ko. Mlio ulipenya mlango uliofungwa, kama fundi anayenyoosha bati. Wachira, malenga, akahesabu mapigo. Mizani nane. Hata mashine za hospitali ya Upper Hill zilikuwa zimeanza kumwiga.

Alitabasamu kwa nusu ya uso. Nusu ya kushoto ilikuwa imelala tangu Jumatatu, na chai ilimchuruzika kidevuni. Daktari alitaka picha ya ubongo na ya mshipa unaoendesha uso, ajue kama kuna uvimbe.

Peres, mpiga picha, alishika fomu. "Ulizaliwa lini?"

"Februari themanini na mbili."

"Uko na chuma yoyote mwilini? Hiyo mashine ni sumaku. Chuma ikisonga kichwani, imekumaliza."

"Ako na risasi," akajibu Jackie, mchumba wake, kwa fahari. "Nyuma ya sikio. Alipigwa kwa maandamano. Kwani hujasikia shairi yake?"

Shairi lilikuwa na beti arobaini. Wachira alikuwa ameligani katika kila ukumbi wa Jamhuri uliomruhusu, akifunua kovu kwenye ubeti wa tisa. Mama yake tu, aliyeketi sasa karibu na mlango, ndiye hakuwahi kulisikiliza hadi mwisho. Kila mara alikumbuka kitu jikoni.

Peres akafunika kalamu. "Basi haingii. Hakuna picha."

Wachira alimtazama Jackie, kisha akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Uso au jina.

"Hakuna risasi," akasema. "Maandamano niliyaona kwa televisheni. Mama husema nilianguka kwa jiko nikiwa mtoto."

Jackie akamgeukia. "Na ile siku nililia?"

"Ulilia vizuri."

Peres, akijizuia kucheka, akamwonyesha pa kutia sahihi kuwa hana chuma. Wachira akatia. Akavua mkanda, akavua saa, akamnyooshea mama yake.

Mama hakuipokea. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa chumba cha mashine, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

"Hukuanguka," akasema. "Ni ile Jumapili ya Agosti, wanajeshi wakitaka kupindua serikali. Tulikuwa tumelala sakafuni, unanyonya. Risasi ikapita dirishani. Daktari akaogopa kuitoa. Na miaka ile, ukisema mtoto ako na risasi, unaulizwa alikuwa upande gani."

Wachira akagusa kovu, taratibu, kama la mtu mwingine.

"Ubeti wa tisa naubadilisha," akamwambia Jackie. "Nakuahidi. Hata kunyonya nitataja."