Amina Elfu Kumi

Siku hizo, idadi ya jumbe alizoandika mtu mtandaoni iling'aa kifuani pake, na asiyefikisha elfu kumi hakuruhusiwa kufungua mdomo kikaoni. Bi Mwanaidi alibakiza mia tatu. Kesho ukoo ungekaa kumwoza bintiye, Tunu, kwa mtu asiyemtaka, na mama alitaka kupinga. Basi akashinda jikoni akiandika "Amina" na "Poleni" hata kwenye kundi la wafuga bata, vidole vimekufa ganzi, wali unaungua.

"Mama, nimechoka kusubiri. Natoroka leo."

"Hongera sana," alijibu, macho kwenye simu.

"Mama!"

"Amina, mwanangu."

Alasiri, elfu kumi ikatimia. Akamwita Tunu aje aone. Mlangoni, ndala za Tunu hazikuwepo.